Kuchagua Kichwa cha Treni ya Modeli Kinachopita Kona Kali: Mwongozo Kamili kwa Wenye Meza Ndogo

Swali hili halikauki: "Nimeletewa kichwa cha treni kipya kabisa. Kwenye njia iliyonyooka kinakwenda vizuri, kikifika konani kinaacha njia. Kibovu ni kichwa au reli?" Mara nyingi hakuna kibovu hapo. Kichwa kimetengenezwa kwa kona pana, na wewe umekipeleka kwenye kona kali.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya ziada ya kuangukia mtego huu. Tumekua tukiona treni ikikatwa pale stesheni, mabehewa ya Mwanza yanatengwa, ya Kigoma yanaungwa upya, ya Mpanda yanasubiri zamu. Mtu akianza treni za modeli anataka kile kichwa kikubwa cha njia kuu alichokizoea. Ila chumba chake ni futi kumi kwa kumi, na meza imebanwa kati ya kitanda na kabati.

Utaratibu wangu ni kupima kona kwanza, halafu ndipo nitazame picha za vichwa. Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo hela inapopotea.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kipande cha kadibodi ngumu kilichokatwa kwa urefu wa milimita 300 kamili
- Rula ya shule inayoonyesha milimita
- Kalkuleta, ya simu inatosha
- Penseli na selotepu
- Behewa lako refu kuliko yote
- Kalipa ya kupimia nafasi kati ya magurudumu, ukiweza kuipata
- Spiriti ya kusafishia na kitambaa kisichotoa nyuzi
- Simu yenye kamera

Kama bado huna reli, usiogope. Hatua ya pili itakuonyesha ununue zipi.

## Hatua ya 1: Jua skeli na upana wa njia yako

Pima kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa nyingine. Ukipata milimita 16.5, uko kwenye HO (1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi; hiyo ndiyo skeli) au OO ya Kiingereza (1:76). Zote mbili hutumia njia ya upana huo, ingawa kichwa cha OO huonekana kinene kidogo ukikisimamisha karibu na cha HO. Milimita 12 mara nyingi ni TT (1:120), na milimita 9 ni N (1:160).

Reli yetu ya zamani ya Kati ina upana wa mita 1. Anayetaka kuiga uwiano huo kwa skeli ya HO hutumia njia ya milimita 12, inayoitwa HOm. Inapendeza sana, lakini vifaa vyake ni adimu na ghali zaidi. Kwa anayeanza, HO ya kawaida au N inatosha.

Kama meza haizidi sentimita 60 kwa upana, chukua N. HO kwenye sentimita 60 ni kujitafutia ugomvi na kila kichwa utakachonunua.

## Hatua ya 2: Pima kona yako iliyo kali kuliko zote

Ukali wa kona hupimwa kwa nusukipenyo, kutoka kitovu cha duara hadi katikati ya njia. Namba ikiwa ndogo, kona ni kali. Pima kona kali kuliko zote, maana treni haipiti wastani wa kona zako. Inapita kila moja.

Ikiwa reli zimeshafungwa, fanya hivi:

1. Laza kadibodi ya milimita 300 juu ya reli, ncha zake mbili ziguse ukingo wa ndani wa reli ya nje.
2. Katikati kabisa ya kadibodi, pima umbali hadi ukingo huo huo wa reli ya nje. Tuite umbali huo kina. Tuseme umepata milimita 26.
3. Zidisha 300 kwa 300, upate 90,000. Gawanya kwa 8 mara 26, yaani 208. Jibu ni 432.7.
4. Ongeza nusu ya kina, yaani 13. Unapata 445.7.
5. Toa 8, ambayo ni karibu nusu ya upana wa njia. Unabaki na takriban milimita 438.

Hiyo ni R2 ya Hornby, watengenezaji wa Kiingereza; R ni daraja la kona, na namba yake ikipanda kona inakuwa pana. Ukikosea nusu milimita tu kwenye kina, jibu linahama kwa karibu milimita 8, kwa hiyo pima sehemu tatu tofauti za kona hiyo. Majibu yakikaribiana, kipimo ni sahihi. Sehemu moja ikitoa namba ndogo kuliko wenzake, hapo reli imevunjika mgongo, mara nyingi kwenye maungio. Irekebishe kabla ya kulaumu kichwa chochote.

Namba utakazokutana nazo mara kwa mara ni hizi. Hornby: R1 ni milimita 371, R2 ni 438, R3 ni 505, R4 ni 572. Reli za aina ya C za Märklin wa Ujerumani: R1 ni 360, R2 ni 437.5. Seti za Marekani huandikwa kwa inchi: 18 ni milimita 457, na 22 ni 559. Kwa N, Kato wana 249, 282, 315 na kuendelea.

Usione aibu kona zako zikiwa za R2. Kuza milimita 438 mara 87, unapata nusukipenyo cha mita 38, wakati njia kuu za kweli hupinda kwa mamia ya mita. Mezani kila mmoja wetu anadanganya kidogo.

### Kabla fundi hajakata ubao

Plaiwudi nzima ni futi nne kwa nane, yaani sentimita 122 kwa 244. Watu wengi humwambia fundi seremala awakatie upana wa sentimita 90 "ili ipite mlangoni". Fundi mzuri atakujibu kama alivyonijibu wangu: "Kaka, mbona hii inapita? Tunaisimamisha kwa ubavu."

Msikilize. Ukiacha sentimita 5 kutoka katikati ya njia hadi ukingo wa ubao kila upande, ubao wa 90 unakupa nusukipenyo cha milimita 400, basi umebaki na R1. Ubao wa 122 unakupa 560. Hapo R3 inakaa kwa raha, na hata kona ya inchi 22 inaingia kwa kubana. Sentimita 32 ambazo hukuzikata zinakufungulia vichwa vingi ambavyo ungevikosa, na hazikuongezei bei ya ubao.

## Hatua ya 3: Soma magurudumu, usihesabu tu

Kichwa chenye magurudumu 12 kinaweza kupita mahali ambapo cha magurudumu 10 kinagoma. Kinachoamua ni yale magurudumu yaliyofungwa pamoja kwenye chesisi moja isiyopinda.

Chukua magurudumu yaliyofungwa pamoja, pima kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye kona, ekseli za mwanzo na mwisho zinakaa juu ya njia, halafu za katikati zinatakiwa zihame pembeni ili zifuate upinde. Kiasi cha kuhama ni umbali huo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukagawanywa kwa mara nane ya nusukipenyo.

Jaribu kwa vichwa viwili vya Kiingereza vinavyopatikana sana kwenye OO. Kichwa cha dizeli cha kupangia mabehewa cha daraja la 08 kina ekseli tatu, na kati ya ya kwanza na ya mwisho ni kama milimita 46. Kwenye R1 ekseli ya kati inatakiwa ihame milimita 0.7. Magurudumu yana ulegevu wa karibu nusu milimita kati ya reli, chesisi inaongeza kidogo, kinapita.

Sasa chukua 9F ya mvuke, 2-10-0, yaani magurudumu mawili madogo mbele, kumi ya kuendesha katikati, na hakuna ya nyuma. Ekseli zake tano zimeshika kama milimita 87. Kwenye R1 ya kati inadai kuhama milimita 2.5. Ulegevu wa kawaida hauwezi kufika huko. Hata 9F za kweli zilitengenezwa bila ukingo (ule mdomo wa gurudumu unaolizuia kutoka relini) kwenye magurudumu ya katikati ili zipite kona, na watengenezaji wa modeli hutumia ujanja huo huo, pamoja na kuziacha ekseli zicheze pembeni.

Kwa dizeli, angalia bogi, yaani vile vigari vya magurudumu vinavyojigeuza chini ya bodi. Kichwa cha B-B kina bogi mbili zenye ekseli mbili mbili, na bogi ya ekseli mbili haina ekseli ya katikati ya kubishana na kona. C-C ina ekseli tatu kila bogi. Nyingi hupita inchi 18, lakini zinadai reli iliyolazwa vizuri, na huonyesha makosa yako yote.

Vipi zile Garrati, vichwa vya mvuke vyenye injini mbili? East African Railways walikuwa na daraja la 59, 4-8-2+2-8-4, zenye urefu unaozidi mita 30, na zilipita kwenye reli ya upana wa mita 1. Siri yake ni kwamba boila imening'inizwa kati ya sehemu mbili za injini, na kila sehemu inajigeuza peke yake. Ukipata modeli ya Garrati, usipime urefu wote. Pima ekseli nne za sehemu moja, ufanye hesabu ile ile.

Onyo: sentensi ya "kinapita R1" kwenye boksi inamaanisha tu kwamba hakitaanguka kwenye reli safi iliyolazwa sawa. Haikuahidi kuvuta mabehewa manane, wala kurudi nyuma ukiyasukuma.

## Hatua ya 4: Linganisha urefu wa bodi na kona

Magurudumu yakikubali, bado kuna bodi. Kanuni ya wazoefu ni kwamba nusukipenyo kiwe angalau mara tatu ya urefu wa kifaa chako kirefu kuliko vyote, kiwe kichwa au behewa. Kwenye mara mbili na kidogo vichwa vingi vya bogi fupi bado hupita, ila kwa sura mbaya: pua inatokeza nje ya kona, kiuno kinaingia ndani.

GP38-2, dizeli ya Marekani ya B-B, kwa HO ina urefu wa kama milimita 207. Ukigawanya 457 kwa 207 unapata 2.2. Inapita inchi 18, na imefanya hivyo kwenye seti nyingi sana. SD40-2 ina kama milimita 241, na bogi za ekseli tatu juu yake. Kwenye inchi 18 inasukumana na bahati.

Ili ujue kichwa kitagonga nini, bandika penseli kwa selotepu kwenye ubavu wa ndani ya kona, katikati ya bodi, ncha iguse ubao uliotandikwa karatasi. Kipeleke kwa umeme, polepole kabisa, kona nzima. Hamishia penseli kwenye pembe ya mbele, upande wa nje, urudie. Mistari hiyo miwili ndiyo mipaka yako: jukwaa la abiria, nguzo au ukuta wa handaki visiivuke.

Usikisukume kwa mkono kichwa chenye mota. Vingi vina gia ya skrubu ambayo haizungushwi kutokea kwenye magurudumu. Ukilazimisha unaburuza magurudumu au unavunja jino la gia.

## Ningenunua nini mimi

Kwa R1 na R2, ningeanza na dizeli fupi ya B-B au kichwa cha kupangia mabehewa cha 0-6-0. Mvuke mdogo unaobeba maji yake mwenyewe, wa 0-6-0, nao hauna shida. Kwa R3 na inchi 22 milango inafunguka: 2-6-2, Pacific za 4-6-2, C-C za urefu wa wastani.

Vichwa vya 0-4-0 vinapita kona yoyote, lakini siwashauri wanaoanza. Vina magurudumu manne tu ya kuchukua umeme, na kwenye makutano ya njia yenye kipande cha plastiki vinazimika. Ongeza vumbi letu la kiangazi na kila siku utakuwa unakigusa kwa kidole ili kiamke. Ukikipenda sana, tafuta chenye gurudumu zito la kuhifadhi mwendo ndani, au kinachokubali kufungwa kapasita.

Märklin wanatengeneza hata vichwa vikubwa vipite R1 yao ya milimita 360. Kupita vinapita, ila soma hatua inayofuata kabla hujafurahi.

Na kama meza haikubali zaidi ya R1, jenga stesheni badala ya mzunguko wa mwendo kasi. Kazi ya Tabora, ya kukata mabehewa na kuyapanga upya, ni mchezo wa jioni nzima, na vichwa vifupi ndio wenyewe hapo.

## Hatua ya 5: Umeme

Seti iliyotoka Marekani huja na adapta ya volti 120. Ukutani kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, utaona moshi kabla ya treni. Soma lebo ya adapta: ikiandikwa 100–240 ni salama, ikiandikwa 120 peke yake iweke kando.

Mifumo ya reli mbili ya analogi hutumia umeme wa moja kwa moja (DC), kwa kawaida hadi volti 12. Märklin ya HO hutumia mfumo wa umeme mbadala (AC) wenye mguso wa katikati ya njia, na magurudumu yake hayajatengwa kiumeme. Kichwa chake kikiwekwa kwenye reli mbili za kawaida kinapiga shoti. Usichanganye.

## Hatua ya 6: Kapla

Kapla ni kile kiungo kinachounga kichwa na behewa. Iliyofungwa kwenye bodi huhama pamoja na pua ya kichwa. Ya kwenye bogi hufuata njia. Kichwa kirefu chenye kapla ya bodi, kikiunganishwa na behewa fupi, kinaweza kulivuta behewa hilo nje ya reli kikiwa chenyewe kimekaa salama. Halafu mwenye nalo analaumu behewa.

Tafuta kifaa chenye mfuko wa kapla wa kiwango cha NEM 362, maana unabadilisha kapla bila kukata kitu. Simamisha kichwa na behewa lako refu kwenye kona kali, vikiwa vimeungwa, uangalie kwa juu. Bafa, vile visahani vya kupokea mgongano kwenye ncha, zisigusane upande wa ndani, na kapla ibaki na nafasi ya kuyumba kila upande. Ikiwa imeshafika mwisho wa mwendo wake, weka kapla ndefu zaidi.

## Hatua ya 7: Mhoji muuzaji kabla ya kutuma hela

Muulize nusukipenyo cha chini kwa milimita au inchi, mpangilio wa magurudumu, urefu kutoka bafa hadi bafa, aina ya umeme na aina ya kapla. Kisha mwombe video: kichwa kikipita kona, mbele na nyuma, kikiwa na mabehewa mawili, na rula iwe imelazwa kando ya reli. Muuzaji mwenye kichwa kizima hachukui dakika tano kuitengeneza. Anayekuzungusha kwa "boss, hii ni original" mwache akae nayo.

Kwa vichwa vya zamani vya mitumba, omba picha ya karibu ya magurudumu. Vingine vina kingo ndefu mno, zinagonga misumari ya plastiki inayoshika reli za kisasa za kimo kifupi, na kichwa kinadunda njia nzima.

## Hatua ya 8: Jaribio siku kinapofika

Futa reli kwa spiriti, usitumie chuma cha kusugulia masufuria. Nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuingia ndani.

Anza na kichwa peke yake, mwendo mdogo kabisa, pande zote mbili za mzunguko, mbele na nyuma. Kisha ongeza behewa moja moja. Mwisho sukuma mabehewa kwa nyuma, kwa sababu matatizo mengi ya kapla hujificha mpaka hapo. Weka simu chini, usawa wa reli, urekodi kwa mwendo wa taratibu.

Kimefaulu kama kinaingia na kutoka konani bila kupunguza mwendo kwa kuonekana, hakikwaruzi, na kwenye video hakuna gurudumu linalonyanyuka. Kikipunguza mwendo na kurudia kasi kikitoka, magurudumu yanabanwa. Hakijaanguka leo, kitaanguka siku ukikifunga mabehewa.

## Hatua ya 9: Kikigoma

Weka alama kila kinapoanguka. Alama zikirundikana mahali pamoja, tatizo ni reli. Zikitawanyika, tatizo ni kichwa.

Kwa reli, kagua maungio kwanza. Chini ya bati, mchana wa Oktoba, reli hutanuka, na zisipoachiwa upenyo husukumana na kupinda. Upenyo wa unene wa kadi unatosha. Halafu tafuta kona mbili zinazopinda kinyume bila kipande kilichonyooka kati yake. Weka kipande kisichopungua urefu wa kifaa chako kirefu kuliko vyote.

Kwa kichwa, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu ya ekseli moja. HO na OO za kisasa hukaa karibu na milimita 14.4. Ekseli moja iliyobanana au kutanuka inatosha kuharibu kila kitu, na hurekebishwa kwa kuzungusha gurudumu taratibu huku ukivuta au kusukuma. Ikiwa kinachoanguka ni kile kigari kidogo cha mbele cha mvuke, hakikisha springi yake ipo; isipokuwepo, gundisha kipande kidogo cha metali ya risasi juu yake, kisiguse nyaya.

Ukimaliza yote hayo na bado kinaanguka, rudi kwenye hesabu ya hatua ya 3 kwa vipimo vya kichwa hicho hicho. Ekseli za katikati zikidai zaidi ya milimita 2 na mtengenezaji hakuziacha zicheze wala kuondoa kingo, acha kuhangaika. Kifungie njia fupi iliyonyooka pembeni ya stesheni, iwe na swichi yake ya kukata umeme, kikae hapo mpaka upate ubao mpana au mtu mwenye R3 anayetaka kubadilishana.